KAPU LA MAPISHI LILETWALO NYUMBANI: JE, LAMFAA MPISHI?

Somo kwa vikundi vya kujifunza vya vyama wanachama

Katika miji mingi ya Ulaya, Marekani na Japani imeenea biashara moja ambayo mwanaushirika hana budi kuielewa vema, ijapokuwa huenda asiione mlangoni pake. Biashara hiyo huuza kitu ambacho vyama vya ushirika vya walaji vilikuwa vikiwapa wanachama wao kwa njia nyingine, na kwa gharama ndogo zaidi, kwa miaka mingi kabla yake. Somo hili litaieleza biashara yenyewe, litapima faida na gharama zake kwa mtu apikaye nyumbani, kisha litatazama jinsi wanaushirika wa nchi mbili walivyolishughulikia jambo lile lile.

Kapu la mapishi ni boksi lenye vyakula vibichi vilivyokwisha kupimwa kwa mlo fulani na kwa idadi fulani ya walaji, pamoja na karatasi ya picha inayoonyesha hatua kwa hatua namna ya kuvipika. Kuku huja amekwisha kukatwa. Wali wa watu wawili huja katika mfuko wake, gramu zikiwa zimehesabiwa. Siki ya vijiko viwili hutiwa katika kichupa kidogo mithili ya kile cha dawa ya macho, na vitunguu saumu huja punje mbili tu kwa sababu pishi lahitaji punje mbili. Vyote hupangwa juu ya vifuko vya barafu ili visiharibike njiani, na boksi huachwa mlangoni mwa mnunuzi siku iliyopangwa ya kila wiki. Yafaa ieleweke mapema kwamba hiki si chakula kilichopikwa. Mpishi bado ataosha, atamenya, atakata, atakaanga, na baada ya kula ataosha vyombo. Chumvi, pilipili manga na mafuta ya kupikia aghalabu hutarajiwa viwepo nyumbani.

Asili ya biashara hii

Kwa sura yake ya sasa, biashara hii hutajwa kuwa ilianzia Uswidi. Mwaka 2007 Bi Kicki Theander alianzisha mjini Stockholm kampuni iliyoitwa Middagsfrid, jina ambalo maana yake ni amani wakati wa chakula cha jioni. Mwaka uliofuata ilitokea kampuni nyingine, Linas Matkasse, na neno matkasse, yaani mfuko wa chakula, likawa la kawaida katika nyumba za Waswidi. Jina lile la kwanza ladhihirisha shida iliyokusudiwa kutibiwa. Katika nchi ambayo baba na mama wote wawili hufanya kazi ya mshahara na kurejea nyumbani jioni, watoto wakiwa na njaa, swali la leo tutapika nini laweza kuvunja amani ya nyumba kuliko kazi ya kupika yenyewe.

Kutoka Uswidi wazo lilisafiri upesi. Mwaka 2011 kampuni ya HelloFresh ilianzishwa mjini Berlin, Ujerumani. Mwaka 2012 zikaanza Blue Apron na Plated mjini New York, na Gousto huko Uingereza. Yapasa kuongeza kwamba Wajapani walikuwa wametangulia zamani: katika miaka ya 1970 kampuni ya Yoshikei, iliyoanzia Shizuoka, ilikuwa ikiwapelekea wenye nyumba orodha ya mapishi pamoja na vyakula vyake. Lakini hao wa Berlin na New York ndio walioligeuza jambo hili kuwa biashara ya mitaji mikubwa, ya kuuza hisa, na ya matangazo yasiyo na idadi.

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani na mahoteli yakafungwa, makapu yaliagizwa kuliko wakati wowote uliopita. HelloFresh peke yake iliuza mwaka huo bidhaa za thamani ya zaidi ya Euro bilioni 3.7, na mwaka 2021 ikafikia karibu Euro bilioni 6. Baada ya hapo watu walipotoka tena majumbani, hamu ya kapu ilipungua, na kampuni hiyo ikazidi kuegemea chakula kilichokwisha kupikwa, cha kupashwa moto tu. Jambo hilo lastahili kuangaliwa na kila anayejiuliza kama kapu lamfaa mpishi: miongoni mwa wanunuzi wapo wengi ambao hawakuwa wakitafuta kupika, bali kupumzika.

Kazi tatu za mpishi

Watu wasiopika hudhani kwamba kazi ya mpishi wa nyumbani huanza pale moto unapowashwa. Sivyo. Mpishi wa nyumbani ana kazi tatu. Kwanza ni kuamua: kitapikwa nini, kwa ajili ya nani, kwa fedha ipi, na kwa kutazama kilichobaki jana. Pili ni kutafuta: kwenda sokoni au dukani, kuchagua, kubishana bei, kubeba, kuhifadhi. Tatu ndiyo kupika kwenyewe. Kapu la mapishi humwondolea mpishi kazi ya kwanza na ya pili, likamwachia ya tatu. Hapa ndipo penye siri yote ya biashara hii, na hapa ndipo pa kuipimia.

Kazi ya kuamua haionekani, wala hakuna aishukuruye. Mama wa nyumba aweza kuwa amekaa akichambua mboga huku akili yake inahesabu: maharage yamebaki kibaba kimoja, mtoto mdogo hali bamia, mgeni atakuja Ijumaa, mshahara haujafika. Kampuni za kapu zilitambua kwamba kazi hiyo ina thamani, zikaiwekea bei. Kwa hilo pekee zastahili heshima, kwani zimefanya kazi ya wanawake wengi, iliyokuwa ikihesabiwa kuwa si kitu, ionekane katika hesabu za fedha.

Kwa mtu ambaye hajapata kufundishwa kupika, kapu lina faida nyingine ya kweli. Kijana aliyeanza maisha peke yake na mwenzi wake, ambaye nyumbani kwao hakuruhusiwa au hakutakiwa kuingia jikoni, hupata karatasi yenye picha, vipimo visivyokosea, na mlo wenye kulika mwishoni. Anajifunza kukata kitunguu vizuri, kukausha nyama kabla ya kuikaanga, kutotia chumvi yote mara moja. Wengi huzihifadhi karatasi hizo, wakazirudia baadaye kwa vyakula vya kununua wenyewe. Ni elimu, wala haifai kubezwa.

Hata hivyo elimu hiyo ina upungufu, na upungufu wenyewe umetokana na vile vipimo vilivyo kamili mno. Anayepewa punje mbili za kitunguu saumu zilizokwisha kuchaguliwa hajifunzi kuitambua iliyooza. Anayeletewa samaki aliyekatwa hajifunzi kumtazama samaki macho na mashavu. Hajifunzi kwamba nyanya zikiadimika ukwaju hufaa, wala kwamba wali uliobaki usiku ni vitumbua vya asubuhi. Kapu halibakishi kitu, kwa hiyo halifundishi kutumia mabaki. Halikosi kitu, kwa hiyo halifundishi kubadili. Karatasi yafundisha pishi moja baada ya jingine, lakini jiko, kwa maana ya kuiongoza nyumba ile na kushiba kwa kilichopo, halifundishwi na karatasi. Na kwa kuwa kuamua na kutafuta ndiko kunakookoa fedha ya nyumba, yule aliyezikabidhi kazi hizo mbili kwa kampuni amekabidhi pia uwezo wake wa kubana matumizi.

Juu ya uharibifu wa chakula yapo maneno mengi, na baadhi yake huwashangaza watu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha ulinganifu wa milo mitano, kila mlo ukitazamwa kwa njia mbili: kwa kapu, na kwa vyakula vya kununua dukani. Kila mtu aliyeona rundo la vifuko na maboksi angetegemea kapu lishindwe. Lakini walikuta kwamba mlo wa kapu, kwa wastani, ulisababisha kilo 6.1 za hewa zinazoongeza joto la dunia, kwa kipimo cha hewa ya ukaa, na mlo wa dukani kilo 8.1. Vifungashio vya kapu vilikuwa vingi zaidi kweli, ila chakula kilichotupwa kilikuwa kichache. Tena kapu halipiti dukani ambako bidhaa hulundikwa na nyingine kuharibika rafuni, wala halimtumi kila mnunuzi kuendesha gari lake mwenyewe.

Matokeo hayo yasichukuliwe nje ya mahali pake. Yalilinganisha kapu na duka kubwa la Marekani, ambako anayehitaji majani machache ya giligilani hulazimika kununua fungu zima, na nusu yake hunyauka katika jokofu. Anayenunua gengeni fungu la nyanya nne, mafuta ya kupima na bizari ya pakiti ndogo, tayari anapimiwa kwa kadiri ya mlo wa siku hiyo. Mwenye genge amekuwa akifanya kazi ya kapu tangu zamani bila boksi wala barafu, naye hamwandikishi mtu. Kwa nyumba iliyo karibu na soko la namna hiyo, nusu ya maradhi ambayo kapu latibu haipo.

Hesabu ya fedha

Sasa na zitazamwe tarakimu. Blue Apron, katika miaka ya umaarufu wake, ilikuwa ikitoza dola 59.94 kwa wiki kwa kapu la watu wawili lenye milo mitatu. Hizo ni sahani sita, kila sahani dola 9.99. Watu wawili wakila mara tatu kwa siku, wiki nzima wanahitaji sahani 42. Sita kutoka katika 42 ni sehemu moja ya saba. Sahani 36 zilizosalia bado zitaamuliwa, zitatafutwa na kupikwa na mwenye nyumba kama kawaida, tena kwa fedha nyingine. Wiki 52 za malipo hayo ni dola 3,116.88, na chai ya asubuhi haimo.

Jamaa kubwa huumia zaidi. Makapu mengi hutengenezwa kwa watu wawili au wanne. Nyumba ya watu sita italazimika kuchukua la wanne na la wawili pamoja; kwa bei za kampuni ile ile, ambayo sahani ya kapu la wanne ilikuwa dola 8.74, mlo mmoja wa jioni ungefika dola 54.94. Mpishi ajuaye kupika sufuria kubwa ya maharage anafahamu kwamba mlaji wa sita hugharimu kidogo mno kuliko wa kwanza, maana moto ni ule ule na sufuria ni ile ile. Katika kapu punguzo hilo ni dogo: sahani huhesabiwa moja moja hadi ya mwisho. Mtu aishiye peke yake naye hakukumbukwa sana, kwani la watu wawili humtaka ale chakula kile kile jana na leo.

Fedha hizo huenda wapi? Sehemu hununua chakula, sehemu huwalipa wafungashaji na wachukuzi, sehemu hununua maboksi na barafu. Lakini sehemu nyingine yafaa itazamwe na kila mwanachama anayesoma taarifa ya mapato na matumizi ya chama chake. Mwaka 2016 Blue Apron ilipata mauzo ya dola milioni 795.4. Katika fedha hizo ilitumia dola milioni 144.1 kwa matangazo na kuvuta wateja, nayo bado ikapata hasara ya dola milioni 54.9. Kwa lugha nyepesi, katika kila dola 100 alizolipa mpishi, dola 18 zilikwenda kumtafuta mpishi mwingine. Makapu ya kwanza yalitolewa kwa bei ya kuvutia, wateja wakajiandikisha kwa wingi, kisha punguzo lilipokwisha wengi wakaondoka, ikabidi watafutwe wengine.

Mwisho wa mwendo huo ulionekana wazi. Blue Apron iliuza hisa zake kwa umma mwezi Juni 2017, kwa dola 10 kila hisa, na thamani yake yote ikakadiriwa kuwa karibu dola bilioni 1.9, mwaka 2023 ilinunuliwa na kampuni ya Wonder kwa dola milioni 103 hivi. Plated ilinunuliwa mwaka 2017 na maduka ya Albertsons, na mwaka 2019 utaratibu wake wa kupeleka makapu kila wiki ukasimamishwa. Chef'd ilifunga milango ghafla mwaka 2018. Hasara za wenye hisa si msiba wa mpishi, lakini zaonyesha kwamba hata kwa bei ile aliyoiona ghali, mara nyingi mpishi alikuwa bado hajalipa gharama kamili ya kapu.

Liko pia jambo la kujiandikisha. Aghalabu mnunuzi hanunui kapu moja. Hukubali kuletewa kila wiki mpaka atakapokataa. Akisahau kukataa siku kadhaa kabla, boksi laja na fedha yake yakatwa benki. Sahau hiyo ni sehemu ya mapato. Katika jimbo la California, Marekani, iko sheria inayomtaka muuzaji aeleze wazi masharti ya malipo yanayojirudia na kumpa mteja njia nyepesi ya kujitoa, na mwaka 2025 kampuni kubwa mojawapo ilikubali kulipa dola milioni 7.5 kumaliza mashtaka ya waendesha mashtaka wa huko juu ya jambo hilo. Mwaka huo huo Blue Apron, chini ya wenyewe wapya, iliondoa sharti la kujiandikisha, mtu akaweza kununua kapu moja na kwenda zake. Huenda hilo ndilo badiliko lililo bora kuliko yote kwa mpishi.

Waswidi na jiko la majaribio

Wakati Middagsfrid inaanza, Waswidi walikuwa na zaidi ya nusu karne ya kufundishwa mapishi na ushirika wao. Muungano wao wa vyama vya walaji, Kooperativa Förbundet, ulioanzishwa mwaka 1899, ulikuwa na jiko la majaribio ambamo wataalamu walipika, wakapima, wakakosea na kurudia, ili mwanachama asipoteze unga wake kwa maelekezo mabovu. Mwaka 1951 jiko hilo lilitoa kitabu cha mapishi kiitwacho Vår kokbok, yaani kitabu chetu cha mapishi, ambacho kimechapishwa tena na tena na kuingia katika majiko ya vizazi kadhaa. Kitabu hicho chanunuliwa mara moja. Maarifa yaliyomo yakishaingia kichwani hayadai malipo ya wiki ijayo, na mwenye kitabu aweza kumwachia bintiye au mwanawe.

Wanaushirika wa Afrika Mashariki hawana ugeni na mawazo ya aina hiyo. Nchi za Skandinavia zilisaidia elimu ya ushirika Tanzania na Kenya tangu miaka ya 1960, na vikundi vya kujifunza, ambavyo somo hili limeandikiwa, ni mtindo uliokuzwa sana na Waswidi. Kwa hiyo swali la kwa nini watu wenye kitabu kile wakanunua kapu ni swali la haki. Jibu ni kwamba kitabu humwambia mtu namna ya kupika, lakini hakimwamulii Jumanne hii apike nini, wala hakimletei viazi. Mtu aliyechoka hana haja ya mapishi elfu. Ana haja ya moja. Maduka ya ushirika ya Uswidi nayo hatimaye yakauza makapu, kwa kuwa wanachama walikuwa wakiyanunua kwingine.

Wanawake wa Japani

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi watoka Japani. Huko vyama vya walaji vina mizizi mirefu. Kile cha Kobe chatokana na vyama vilivyoanzishwa mwaka 1921 kwa uongozi wa Toyohiko Kagawa. Baada ya vita ulikua utaratibu wa han, yaani kikundi cha nyumba tano hadi kumi za jirani zinazoagiza chakula kwa pamoja. Chama kilileta mzigo wa kikundi kizima mahali pamoja siku moja ya wiki; wenyewe wakaugawana, wakahesabu fedha, wakaijaza karatasi ya wiki inayofuata. Mwaka 1965 mjini Tokyo, katika mtaa wa Setagaya, wanawake wapatao 200 walianza kununua maziwa kwa pamoja, chupa 300 hivi, kwa sababu bei ya dukani iliwashinda. Kutokana na maziwa hayo kilizaliwa chama cha Seikatsu Club, kilichopata Tuzo ya Right Livelihood mwaka 1989.

Tazama jinsi kazi zile tatu zilivyogawanywa hapo. Kutafuta kulifanywa na chama kwa niaba ya wote, na kwa kuwa maagizo yalijulikana kabla, mkulima na mfuga ng'ombe walijua watakachouza, na chakula hakikuozea rafuni. Kuamua kulibaki kwa mwenye nyumba, lakini hakuamua peke yake: pale mzigo ulipogawanywa ndipo walipoulizana, mwenzangu daikon hii waipikaje, na watoto wako wameila? Hakuna aliyetozwa kwa jibu. Tena hakukuhitajika dola 18 katika 100 za kumvuta jirani, maana jirani alivutwa na jirani.

Utaratibu huo ulikuwa na gharama yake, nayo isifichwe. Ulihitaji mtu awepo nyumbani saa mzigo unapofika, na mtu huyo alikuwa mwanamke asiye na kazi ya mshahara. Wanawake walipozidi kuajiriwa, mikono ya kupokea na kugawa ilipungua, na tangu miaka ya 1990 vyama vingi vikaanza kupeleka mzigo kwa kila nyumba peke yake. Majamaa nayo yalikuwa yakipungua. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020, zaidi ya theluthi moja ya nyumba za Japani zilikuwa za mtu mmoja. Leo vyama hivyo vyenyewe vinauza makapu ya mapishi. Tofauti ni kwamba kapu laandikwa katika karatasi ya maagizo ya wiki kama bidhaa nyingine yoyote, kando ya mayai na mchele. Mwanachama aliyechoka wiki hii hulitia alama; wiki ijayo akiwa na nafasi huliacha, akaagiza mboga nzima, na hakuna boksi litakalomfuata.

Linamfaa nani?

Kwa kutazama yote hayo, kapu la mapishi lamfaa mpishi mwenye fedha kuliko nafasi, asiyejua kupika lakini ana nia ya kujua, aishiye na mwenzake mmoja, mbali na soko la kununua kidogo kidogo. Mtu huyo alitumie kwa miezi miwili au mitatu kama mwanafunzi, azihifadhi karatasi, kisha ajitegemee. Lafaa pia kwa kipindi cha dharura: mama aliyejifungua, mtu anayeuguza, nyumba iliyohama, mradi yupo mtu wa kusimama jikoni. Mwenye maradhi yanayomkataza vyakula fulani hupata nafuu ya kuona kila kilichomo kimeandikwa, ila asome kila mara, maana pishi hubadilika kila wiki.

Halimfai mwenye jamaa kubwa. Halimfai mzee aishiye peke yake, isipokuwa liwe limepimwa kwa mtu mmoja na kwa herufi anazoweza kuzisoma. Na mpishi stadi, anayejua bei za soko na kugeuza mabaki, likimjia humtoza kwa ujuzi alio nao tayari. Akilinunua kwa sababu amechoka kuamua, dawa iliyo nafuu ni kumgawia mwingine wa nyumba ile kazi ya kuamua kwa siku mbili za wiki. Baba akiambiwa Jumatano na Jumamosi ni zamu yake kusema kitakachopikwa na kukileta, ataiona kazi iliyokuwa imefichika.

Kwa zoezi, kila mwanakikundi achukue karatasi na kuandika milo yote iliyopikwa nyumbani kwake kwa siku saba: kilichopikwa, walaji wangapi, fedha iliyotumika, kilichobaki na kilichotupwa. Mbele ya kila mlo aandike jina la aliyeamua, la aliyetafuta na la aliyepika. Kisha agawanye gharama kwa idadi ya sahani. Kikundi kikikutana, hesabu zilinganishwe, na wanachama wajadili ni bidhaa zipi ambazo nyumba tano au kumi za jirani zingeweza kuagiza kwa pamoja kupitia chama cha msingi, nani angepokea mzigo, saa ngapi, na kama mtu huyo angelipwa. Swali hilo la mwisho ndilo lililowashinda Wajapani, kwa hiyo litengewe muda wa kutosha.